Kamaliza kidato cha nne, nywele za kipilipili, usaili wa kazi uko karibu: ni lazima aweke dawa ya kunyoosha?

DadaWaShangani aliuliza:

Wadau habari zenu. Naomba msaada wa watu wanaoijua nywele ya kipilipili kwa undani. Mdogo wangu kamaliza kidato cha nne. Miaka yote ya shule alikuwa ananyoa, sasa zimeota: zikivutwa zinafika kama sentimita 7, zikiachwa zinaonekana 3. Kaitwa kwenye usaili wa mapokezi, hoteli moja hapa Mtwara mjini, wiki tatu zijazo. Nyumbani kila anayeingia ana lake. Mama mdogo anasema aweke dawa, jirani anasema kalikiti (ile dawa ya kuzitia mawimbi), mwingine anasema avae wigi yaishe. Mwenyewe anataka kubaki na nywele zake ila anaogopa kuonekana hajajitunza.

Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, sabuni haitoi povu la maana. Nywele zikikauka zinafungana, chanuo linakwama na kung'oa. Kila siku anapaka mafuta ya nazi na bado ni kavu. Akitoka hujitanda mtandio. Naomba kujua aoshe vipi kwa maji haya, kwa nini mafuta hayasaidii, na mtindo gani unakaa kwa urefu huu bila kuunga. Pia nielezeni dawa inafanya nini hasa kichwani, nipate jibu la heshima la kumpa mama mdogo, maana nia yake ni nzuri.

MsusiChikongola alijibu:

Dada yangu, nianze na mafuta kwa sababu hapo ndipo vichwa vingi vinapoharibikia. Mafuta hayaleti unyevu. Kazi yake ni kuyazuia maji yaliyokwishaingia yasitoke. Ukipaka juu ya nywele kavu, umezifungia ukavu. Unywele wa kipilipili umejikunja tangu kwenye kishimo chake ngozini, ndiyo maana mafuta ya asili ya kichwa hayateremki hadi nchani, na kila kona ya mkunjo ni mahali pepesi pa kukatikia. Watu wanaziona ngumu, wanazishika kwa nguvu, kumbe ndizo dhaifu kuliko nywele zote.

Kuosha aanze usiku wa kuamkia siku yenyewe. Apake mafuta ya nazi vijiko vikubwa 2 kwenye nywele kavu, nchani zaidi kuliko shinani. Hapa ndipo mafuta ya nazi yana kazi ya kweli: yanapenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Asubuhi agawe kichwa mafungu 4, kila fungu alisokote lisichangamane na jingine. Sabuni ya mche aiache kabisa. Inafungua magamba ya unywele, na ikikutana na maji magumu inatengeneza utando mweupe unaong'ang'ania. Wengi huudhani ni mba, wananunua dawa ya mba, na hali haibadiliki. Shampuu kijiko kidogo kwa kila fungu, aichanganye kwanza na maji kwenye kikombe, amwagie ngozini na kusugua kwa nyama za vidole, kucha zisiguse. Povu linaloshuka linatosha kuzisafisha nywele zenyewe.

Kwenye kondishona asibane mkono. Kwa urefu huo vijiko vikubwa 3 au 4 kichwa kizima. Nywele ziwe chepechepe, mafundo ayafungue kwa vidole kwanza, halafu chanuo la meno mapana lianzie nchani, lipande kidogo kidogo hadi shinani. Mkono wa pili ushike nywele juu ya pale anapochana ili mvuto usifike ngozini. Ukisikia mlio wa kukatika, ongeza maji na kondishona, usiongeze nguvu. Iache dakika 10, suuza.

Maji ya kisima aoshee tu, ila suuzo la mwisho, lita 2 au 3, liwe maji ya mvua. Huku kwetu mvua huanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili, kwa hiyo kujaza madumu inawezekana. Maji ya mwanzo kutoka kwenye bati acha yapite, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Msimu ambao hakuna mvua, chemsha maji, yaache yapoe na kutuama, mimina ya juu. Kuchemsha kunaondoa sehemu ya chokaa, ule ukoko mweupe unaobaki kwenye sufuria. Chumvi haiondoki. Baada ya shampuu na kabla ya kondishona, anaweza kupitisha siki nyeupe, kijiko kikubwa 1 kwa lita 1 ya maji, dakika moja tu kisha asuuze. Asiweke ndimu badala ya siki: maji ya ndimu yakibaki kwenye paji la uso akatoka juani, yanaunguza ngozi na kuacha weusi unaokaa wiki nyingi.

Kukausha ni kwa fulana kuukuu ya pamba, kwa kubonyeza. Taulo linakwaruza. Zikiwa bado na umajimaji apake krimu ya nywele, halafu mafuta matone machache juu yake. Maji, krimu, mafuta, usigeuze mpangilio. Arudie kuosha kila baada ya siku 7 hadi 10. Katikati ya wiki anyunyizie maji ml 200 yaliyochanganywa na gliserini ya duka la dawa, kijiko kidogo 1. Wakati wa mvua, hewa ya pwani ikiwa nzito, gliserini inavuta unyevu mwingi na nywele zinavimba na kusinyaa, basi apunguze iwe nusu.

MkemiaLindi alijibu:

Msusi kamaliza upande wa kuosha. Mimi nijibu la dawa, na niseme mapema kwamba anayeweka dawa hajakosa adabu wala hajaukana uafrika wake. Kinachoniuma ni binti wa miaka 17 au 18 kuwekewa kemikali kali bila kuambiwa inafanya nini.

Unywele umeshikiliwa na vifungo vya salfa, na hivyo vifungo ndivyo vinavyoulindia mkunjo wake. Dawa ya kunyoosha inavivunja na kuviunga upya kwa namna isiyorudi. Ndiyo maana hakuna cha kurudisha: kipande kilichonyooshwa kitabaki hivyo hadi kikatwe, na shinani nywele zinaendelea kuota kipilipili kwa karibu sentimita 1 kwa mwezi. Pale nywele mpya na ya dawa zinapokutana ndipo panapokatika. Kwa hiyo mama mdogo aelewe kwamba hii si kazi ya siku moja ya usaili. Ni ahadi ya kurudi saluni kila wiki 8 hadi 12, au kukata.

Zipo aina mbili kubwa. Moja ina hidroksidi ya sodiamu, kemikali ileile inayozibulia mabomba, ila kwa kiasi kidogo. Nyingine inauzwa kwa vikopo viwili vinavyochanganywa palepale: hidroksidi ya kalsiamu na kabonati ya guanidini. Hii ya pili watu huiona ni ya upole. Kweli ngozi inaivumilia zaidi, lakini inaacha chembe za kalsiamu kwenye unywele, na ukiongeza maji magumu kama yenu, nywele zinakuwa kama majani makavu. Maboksi yenye picha ya mtoto yasiwadanganye, ndani mara nyingi kuna kemikali hizihizi. Zote zina pH (kipimo cha tindikali na magadi) ya 12 hadi 14, wakati unywele wenyewe umezoea kama 5.

Makosa yanayounguza watu ni yaleyale: kukuna kichwa au kuosha siku moja kabla, kutopaka vaselini pembeni ya paji la uso na nyuma ya masikio, kupitisha dawa juu ya nywele iliyokwishanyooshwa, na ile "vumilia kidogo ikolee". Kuchoma si dalili kwamba imekolea. Ni dalili kwamba ngozi inaungua, na kidonda kikiacha kovu, kishimo cha unywele kimekufa na hapo hauoti tena. Kosa la mwisho ni kusuuza harakaharaka bila ile shampuu ya kuikata dawa, dawa inaendelea kula unywele hata baada ya mtu kufika nyumbani.

Jirani naye asikilizwe kwa tahadhari. Kalikiti inavunja vifungo vilevile kwa kemikali nyingine kabisa, ya jamii ya thayoglaikoleti. Aliyeweka kalikiti akabadili mawazo na kuweka dawa juu yake, nywele zinalainika kama tambi zilizopitiliza na kukatika mkononi. Na blichi juu ya dawa ni hivyohivyo. Saluni ikikuuliza "mara ya mwisho uliweka nini?" jibu ukweli wote.

Kuhusu afya, mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000. Waliotumia vinyoosha nywele zaidi ya mara 4 kwa mwaka, makadirio yao ya kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 yalikuwa takriban 4 kwa kila 100. Ambao hawakutumia kabisa, 1.6. Huo ni uhusiano, haujathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, na saratani hiyo si ya kawaida sana. Lakini mtu akiamua, aamue akijua. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), kwa hiyo kopo lisilo na orodha ya viambato, hasa lile la kuchotewa kwenye ndoo, lisiguse kichwa chake.

UziMweusi_Mikindani alijibu:

Nije kwenye mtindo. Sentimita 7 zinatosha sana, watu wanadanganywa na kule kusinyaa. Nywele hizo zikinyooshwa kwa uzi usiku mmoja zitaonekana karibu mara mbili, bila pasi wala draya.

Nunua uzi mweusi wa kusukia, usichukue wa cherehani, ule unakata nywele. Baada ya kuosha na kupaka krimu, subiri nywele zikauke robo tatu. Zikiwa bado zinatiririka, zitakauka ndani ya uzi zikiwa zimesinyaa, na zikikaa mbichi muda mrefu zinanuka. Gawa mafungu 12 hadi 16. Funga fundo dogo la uzi shinani, legevu kiasi cha ncha ya kidole kupita, halafu zungusha uzi kuelekea nchani ukiacha nafasi kama milimita 3 kati ya mzunguko na mzunguko. Ukizungusha kwa kubanana, unywele hauoni hewa na haukauki. Fika nchani, zungusha mara nne tano, chomeka. Ajifunge kitambaa cha satini, alale. Asubuhi fungua kuanzia nchani, uzi usikatwe kwa mkasi karibu na nywele.

Kutoka hapo ana njia tatu nzuri kwa usaili. Twende kilioni ya mistari 6 au 8 iliyonyooka, ya nywele zake mwenyewe, ni safi na inakaa wiki moja hadi mbili. Au kusokota nywele mbili mbili ndogondogo kichwa kizima na kuzilaza upande. Au kuziacha wazi: afro fupi iliyochanwa vizuri ikakatwa duara na kinyozi mwenye jicho. Hii ya mwisho ndiyo inayodharauliwa bure, na kwa sura nyingi ndiyo inayopendeza kuliko zote. Unadhifu wake unaonekana kwenye ukingo, usawa wa duara na mng'ao, basi hapo ndipo pa kutilia mkazo.

Asiyafanye majaribio wiki ya usaili. Afanye mara moja mapema, aone zinakaaje kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni kwenye joto letu.

Rasta mimi sikatazi, ila kwa nywele changa za sentimita 7 uzito ni mkubwa. Kama atasuka, ziwe nyepesi na zisianzie kwenye vile vinywele laini vya paji la uso, waache kama nusu sentimita. Vipele vyeupe shinani, au mtu kumeza panadol ili alale baada ya kusuka, maana yake zimevutwa kupita kiasi na zifumuliwe usiku huohuo. Nywele za pembeni zinazorudi nyuma mwaka hadi mwaka zinatokana na hilo. Mwanzoni zinaota tena mvuto ukiondolewa. Ukichelewa hazioti tena. Fungu la rasta lilowekwe kwanza kwenye maji yenye siki kidogo hadi utokee utando juu ya maji, lisuuzwe, likauke. Ule utando ndio unaowasha vichwa. Zisizidi wiki 6. Siku ya kufumua msishtuke na rundo la nywele: kichwa kinaangusha nywele 50 hadi 100 kwa siku, na za wiki zote hizo zilikuwa zimeshikwa ndani ya msuko. Zitolewe kwa vidole na mafuta kabla maji hayajagusa kichwa, la sivyo zinasokotana na zilizo hai.

DadaWaShangani alijibu:

Nawashukuru sana, nimeandika kwenye daftari. Bado mambo mawili. Mtu wa hapo hotelini kamwambia eti "wanataka nywele za kiofisi". Hilo analijibuje? Na mtandio: akijitanda nywele zikiwa mbichi zinatoa harufu, akisubiri zikauke anachelewa.

AfisaAjira_Masasi alijibu:

Dada, la kwanza nalijibu mimi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini na inataja misingi yake: rangi, kabila, jinsia, dini, ujauzito, ulemavu na mingineyo. Nywele hazikutajwa. Kwa hiyo asiende akidhani ana kifungu cha kumwekea mwajiri mezani, lakini pia hakuna sheria ya nchi inayomtaka mwanamke anyooshe nywele ili aajiriwe. Kinachotawala ni mwongozo wa mavazi wa hoteli yenyewe. Maneno ya mtu mmoja wa hotelini si mwongozo.

Apige simu au aende, aulize kwa upole: "Naomba kujua mwongozo wenu wa mwonekano kwa wahudumu wa mapokezi, nijiandae ipasavyo." Mara nyingi kilichoandikwa ni nywele ziwe safi, zisifunike uso, zisiwe na rangi kali. Hayo yote nywele ya kipilipili inayatimiza. Wakimwambia ana kwa ana kwamba anyooshe, ajibu: "Nywele zangu nazisuka au kuzichana nadhifu kila siku, na zitabanwa zisiguse uso. Kuna utaratibu mwingine ninaopaswa kuufuata?" Hapo anayesaili inabidi aseme hoja au aendelee na maswali ya kazi. Asianze kujitetea wala kuomba radhi kwa kichwa chake.

Wenzetu wamefika mbali kidogo. California ilipitisha mwaka 2019 sheria inayokataza kubagua mtu kwa aina ya nywele zake, na majimbo mengine ya Marekani yakafuata. Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 2016, wanafunzi wa kike waliandamana dhidi ya kanuni za shule zilizobana nywele zao za asili hadi kanuni zikasimamishwa. Huku kwetu shule nyingi za serikali zinanyoa wanafunzi. Sitabishana na sababu za usafi na muda, ila matokeo yake tunayaona: binti anafika miaka 18 hajawahi kufundishwa kuchana nywele zake mwenyewe, na mtu wa kwanza kumshika kichwa anamwambia zina kasoro. Wazee wa Kimakonde walibandika nywele halisi za watu kwenye vinyago vya mapiko, vile vya kuvaa kichwani ngomani, kwa mpangilio na ustadi. Nywele hizihizi.

Wigi nalo si jibu la bei rahisi kama linavyodhaniwa. Bajeti ya 2019 iliyawekea ushuru, asilimia 25 kwa yaliyotoka nje na 10 kwa ya ndani. Na kwa wanaojali katazo la dini la kuunga nywele, mjadala unaishia hapo.

MtuWaNewala alijibu:

La mtandio, shikamooni wakubwa. Harufu inatokana na ngozi kukaa mbichi bila hewa, fangasi hustawi hapo. Aoshe jioni, azungushie uzi kama alivyofundishwa hapo juu, asubuhi zimekauka. Siku za kazi asiloweshe kichwa kizima. Anyunyizie nchani tu, minyunyizo mitatu minne, asubiri dakika 15 akinywa chai. Chini ya mtandio avae kofia nyepesi yenye satini ndani, kwa sababu pamba inanyonya krimu yote na kusugua nywele za mbele. Pini isichomekwe kila siku mahali palepale, na mkia wa nywele usifungwe juu kwa mpira mkavu ili tu mtandio upate umbo. Kofia ifuliwe mara mbili kwa wiki. Wengi wanaosha kichwa na kukirudisha kwenye kofia chafu.

Niongeze moja kwa walio kwenye shida ya maji kama sisi wa huku juu. Lita 5 zinatosha kichwa cha urefu huo. Lita 1 ya kuloweshea, 1 ya kuchanganyia shampuu na kusuuza mara ya kwanza, 2 za kusuuza shampuu vizuri, 1 ya mwisho baada ya kondishona. Tumia kopo lililotobolewa tundu kwenye mfuniko, msukumo wake unafika shinani. Ukimwagia kwa kata, nusu inapotelea mgongoni. Ukiona maji hayatatosha, punguza shampuu. Usipunguze suuzo, maana shampuu iliyobaki inakausha na kuwasha kuliko uchafu wenyewe.

MsusiChikongola alijibu:

Nimepita tena kuona mliposema nywele kubanwa. Kwa sentimita 7 zitabanwa nyuma baada ya kunyooshwa kwa uzi, ila zile za kisogoni hazitafika, zitachomoka. Asizivute wala asizigandishe kwa jeli. Asuke mistari miwili mitatu ya kisogoni kuelekea juu, halafu za mbele ndizo abane kwa utepe laini. Zikifika sentimita 12, kama miezi mitano au sita ijayo zikitunzwa zisikatike, zitabanika zote bila msaada. Na chanuo la plastiki lenye mshono katikati ya meno alipitishie kidole: likikwaruza kidole, kwenye nywele linakata. La mbao au pembe lisilo na mshono linapatikana sokoni, achague lenye nafasi ya kalamu kati ya jino na jino.